Kompyuta ya Zamani Isikulie Mtaji: Chagua Linux Nyepesi kwa RAM, Si kwa Sifa

Leo tunaweka pembeni mbolea, chanjo na umwagiliaji wa matone, tunazungumzia kompyuta. Najua wapo watakaosema bwana shamba kaishiwa mada. Hapana. Swali hili nimeulizwa na vijana wa Kerege, wa Mapinga na wa Kiwangwa, na maneno yao yanafanana: "Bwana shamba, tuna laptopu ya zamani, inachukua dakika kumi ndipo iwake. Tununue mpya?"

Jibu langu ni hili: msinunue kwanza. Iwekeni Linux nyepesi inayoendana na uwezo wa mashine, muone inafika wapi, ndipo muamue.

Nasema hivi kwa sababu ya mtaji. Tupige hesabu ya mfano. Tuseme laptopu inauzwa 800,000 na kifaranga mmoja wa kuku wa mayai ni 3,000. Hiyo laptopu ni vifaranga 266. Kwa kijana anayeanza, hilo ni banda zima. Na kama kikundi chenu kimechukua mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ambao vijana wana fungu lao la asilimia 4, kumbukeni kwamba marejesho yanatoka kwenye mauzo. Kuku anataga. Laptopu haitagi.

Kwani simu haitoshi?

Kwa WhatsApp na kupokea hela, simu inatosha kabisa. Kwa kumbukumbu za biashara, simu inachosha. Mfugaji wa kuku wa mayai anakaa na kundi moja zaidi ya mwaka, na kila siku ana namba za kuandika: mayai yaliyookotwa, yaliyopasuka, kilo za chakula, kuku waliokufa. Mkulima wa nanasi wa Kiwangwa anasubiri mwaka mmoja na miezi kadhaa tangu kupanda hadi kuvuna, na ana vipande tofauti vya shamba vilivyopandwa tarehe tofauti. Ukiyaweka yote hayo kichwani, utachanganya.

Tazama mfano mdogo. Una kuku 400, leo wametaga mayai 320. Gawanya 320 kwa 400, zidisha kwa 100: ni asilimia 80. Wiki ijayo ikishuka kuwa 72, unajua kuna jambo: chakula, maji, joto au ugonjwa. Ukiwa na jedwali kwenye kompyuta unaiona siku ileile. Ukiwa na daftari lililolowa maji ya kunyweshea, unaiona pale hela ya chakula inapokosekana.

Halafu kuna fursa. Zabuni za taasisi za umma, zikiwemo za kupeleka vyakula, sasa zinapita kwenye mfumo wa NeST ulioanza mwaka 2023. Kujaza fomu zile na kupakia viambatanisho kwenye kioo cha simu ni mateso. Kompyuta hata ya zamani inakusaidia, ilimradi iwake na iwe na kivinjari kinachofanya kazi.

Kwa nini tunalizungumza sasa

Kompyuta nyingi za mitumba tunazonunua Kariakoo zinakuja na Windows 10, na nyingine bado zina Windows 7. Windows 7 iliachwa na Microsoft tangu Januari 2020. Windows 10 nayo, kwa mtumiaji wa kawaida, ilifikia mwisho tarehe 14 Oktoba 2025. Waliojiandikisha kupata nyongeza wamepewa mwaka mmoja tu, hadi Oktoba 2026. Kufikia mwisho maana yake ni kwamba matundu ya usalama yakigundulika, hayazibwi tena. Kompyuta itaendelea kuwaka, lakini ni sawa na banda lenye waya uliotoboka: leo kicheche hajaja, kesho je?

Unaweza kusema, "Basi nitaweka Windows 11." Hapo ndipo mashine ya zamani inapokwama. Windows 11 inataka RAM isiyopungua GB 4, diski isiyopungua GB 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa upande wa Intel prosesa za kizazi cha 8 kuendelea. Laptopu ya mwaka 2012 haimo. Mafundi wana njia za kuilazimisha, lakini kuilazimisha mashine yenye GB 4 ibebe mfumo huo ni kumbebesha punda mmoja mzigo wa wawili.

Linux ni nini hasa

Kila kompyuta ina mfumo endeshi, yaani programu mama inayowasha mashine na kuziendesha programu nyingine. Windows ni mfumo endeshi. Linux nayo ni mfumo endeshi, tofauti yake ni kwamba ni huru: huilipii, na sheria yake inakuruhusu kuinakili na kumpa mwenzako. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland. Kama unaiogopa, jua kwamba unayo tayari mfukoni: simu ya Android inaendeshwa na kiini cha Linux.

Na si jambo geni kwetu. Ubuntu, mojawapo ya Linux zinazojulikana sana, ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lenyewe ni ndugu wa neno letu "utu". Hapa nyumbani, katikati ya miaka ya 2000, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishirikiana na kampuni ya Sweden katika mradi wa Kilinux, wakatafsiri programu za ofisi za OpenOffice kwa Kiswahili na kuziita Jambo OpenOffice.

Sasa, neno Linux lichukulie kama neno "muhogo". Muhogo ni mmoja, mbegu ni nyingi. Hapa pwani tunapenda Kiroba kwa sababu unavumilia ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Linux nayo ina aina nyingi: Mint, Lubuntu, Xubuntu, MX, antiX, Puppy na nyingine tele. Kosa la vijana wengi ni kuuliza, "Ipi nzuri kuliko zote?" Hakuna. Huwezi kuchukua viazi mviringo vya Njombe ukavipanda kwenye mchanga wa Mapinga kwa sababu tu umevisikia vikisifiwa. Unapima udongo kwanza. Kwenye kompyuta, udongo ni RAM.

Hatua ya 1: Pima udongo

Kama mashine bado inawaka na Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, bonyeza Enter. Andika mambo manne kwenye karatasi:

1. RAM ni kiasi gani. Hii ndiyo kumbukumbu ya kufanyia kazi. Ifikirie kama meza: meza ndogo, vitu vichache kwa wakati mmoja.
2. Prosesa ni ipi, na ni ya biti 32 au biti 64. Angalizo: kuna mashine za biti 64 zilizowekewa Windows ya biti 32. Kwa hiyo soma jina la prosesa lenyewe, usitazame Windows tu.
3. Diski ni ya aina gani, ile ya kuzunguka au SSD, na ina GB ngapi.
4. Saa na tarehe vinabaki sahihi ukichomoa umeme? Kama kila ukiwasha tarehe inarudi miaka ya nyuma, betri ndogo ya ndani, CR2032, imekwisha. Ni rahisi kuibadilisha. Ukiiacha, tovuti nyingi zitakataa kufunguka kwa sababu tarehe si sahihi, na utailaumu Linux bure.

Kabla hujaendelea, mpe fundi aifungue na kupuliza vumbi. Hapa kwetu hewa ya bahari ina chumvi na joto ni kali, feni ikiziba mashine inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Mashine iliyojaa vumbi la pumba za kuku itakuwa nzito hata ukiiwekea mfumo mwepesi kuliko yote duniani.

Hatua ya 2: Chagua aina kulingana na kipimo

Katika mafunzo ya utunzaji wa kumbukumbu niliyofanya na vijana, nilisema kila mwenye kompyuta iliyolala nyumbani aje nayo. Zilizokuja ziliingia kwenye makundi matatu, na naamini ya kwako itaangukia mojawapo.

Kundi la kwanza: RAM GB 1 au chini, prosesa ya biti 32. Mfano ni vile vijilaptopu vidogo vyenye Intel Atom N270 vya mwaka 2008 na kuendelea. Kijana mmoja wa nanasi alikuja na hiki. Kwa mashine hii nashauri antiX ya biti 32. Imejengwa juu ya Debian, na ikishawaka bila kufungua kitu hutumia takriban MB 200 hadi 300 tu. Nyingine ni Puppy Linux, iliyoanzishwa mwaka 2003 na Barry Kauler wa Australia. Puppy ina tabia nzuri: inajipakia yote kwenye RAM na inaweza kuishi kwenye flashi. Hata kama diski ya kompyuta imekufa kabisa, Puppy inawaka.

Lakini niseme ukweli. Mashine ya kundi hili ni ya jedwali, barua na kuchapisha. Mtandao wa siku hizi ni mzito, ukifungua kurasa mbili tatu RAM imekwisha. Tena mlango wa biti 32 unafungwa: Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32, na Mozilla nao walitangaza mwaka huohuo kuacha kutengeneza Firefox mpya kwa Linux ya biti 32. Kwa hiyo itumie kama daftari la shamba, usiifanye ya kuingilia benki au NeST.

Kundi la pili: RAM GB 2, prosesa ya biti 64. Mfano ni laptopu za Core 2 Duo. Mfugaji mmoja wa kuku wa mayai alikuja na ya namna hii, Windows yake ilikuwa inamaliza RAM yote kabla hajafungua jedwali. Hapa chaguo ni antiX ya biti 64, MX Linux yenye sura ya Fluxbox, au Lubuntu. Lubuntu ni ndugu mwepesi wa Ubuntu, inatumia sura iitwayo LXQt, na mtu aliyezoea Windows haimpotezi: kitufe cha menyu kipo chini kushoto, saa iko chini kulia. antiX ni nyepesi zaidi lakini sura yake ni ya kizamani na inataka uvumilivu wa siku chache. Kama kijana mwenyewe anapenda kuchezea kompyuta, achukue antiX. Kama itatumiwa pia na mama na mdogo wake kuandika mayai, achukue Lubuntu. Jedwali la mayai linafanya kazi kwenye zote mbili.

Kundi la tatu: RAM GB 4, prosesa ya biti 64. Mfano ni Core i3 au i5 za kizazi cha 2 na cha 3, za karibu mwaka 2011 na 2012. Hili ndilo kundi la wengi, na ndilo lenye furaha. Weka Linux Mint yenye sura ya Xfce. Watengenezaji wake wanasema inahitaji GB 2 kwa uchache, na GB 4 ndiyo inakaa vizuri. Diski GB 20 kwa uchache, ingawa wanapendekeza 100. Xubuntu na MX Linux ya Xfce nazo ni nzuri. Kwenye mashine ya namna hii utafungua kivinjari, jedwali na WhatsApp ya kwenye kompyuta kwa pamoja bila kuhema.

Mwenye GB 8 na zaidi hana haja ya somo hili, achukue anayoipenda. Na mkikutana na Tiny Core, ambayo yote ina ukubwa wa MB 20 hivi, msiikimbilie kwa sababu ni ndogo. Ni kama shamba lililofyekwa tu: kila kitu utapanda mwenyewe. Si ya anayeanza.

Hatua ya 3: Onja kabla ya kuweka

Hapa ndipo Linux inapomfaa mkulima. Unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi, ukaitumia, bila kugusa chochote ndani ya kompyuta. Ni kama shamba darasa: unaona zao linavyostawi kabla hujalima ekari nzima.

Fanya hivi:

1. Tafuta flashi tupu ya GB 8 au zaidi. Kila kilichomo kitafutika.
2. Pakua faili la Linux kutoka tovuti yao wenyewe: linuxmint.com, lubuntu.me, mxlinux.org au antixlinux.com. Usichukue kutoka kwenye vitovuti vya ajabu ajabu.
3. Kwenye kompyuta yoyote yenye Windows, tumia programu ya bure iitwayo Rufus kulihamishia faili hilo kwenye flashi. Kulinakili tu kama picha hakutafanya kazi.
4. Chomeka flashi, zima kompyuta, iwashe huku unabonyeza kitufe cha kuchagua pa kuwakia. Dell, Lenovo na Toshiba kwa kawaida ni F12, HP ni Esc kisha F9.
5. Ikishawaka, jaribu vitu vitano: Wi-Fi, sauti, printa, kibodi yote, na kulaza kompyuta kisha kuiamsha.
6. Fungua kidirisha cha amri, andika free -h. Utaona RAM iliyotumika na iliyobaki. Kisha fungua kivinjari na jedwali, angalia tena. Namba hiyo ndiyo hakimu wako. Kama RAM inaisha hapo, shuka kwenye aina nyepesi zaidi.

Elewa kwamba kutoka kwenye flashi inakuwa taratibu kuliko ikishawekwa kwenye diski, kwa hiyo usiihukumu kwa kasi ya kuwaka. Na Wi-Fi ikigoma, hasa kwenye mashine zenye vifaa vya Broadcom, usikate tamaa. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti, na kwa kawaida Linux itaipokea palepale. Kisha pakua kiendeshi cha Wi-Fi.

Hatua ya 4: Okoa kumbukumbu kabla ya kitu kingine chochote

Hii naomba uisome mara mbili. Wakati wa kuweka Linux, kuna ukurasa unaokuuliza kama ifute diski yote. Ukikubali, kila kilichokuwemo kimekwenda: jedwali la mayai la miaka miwili, mikataba, picha za shamba. Hakuna fundi wa kukuhakikishia kuvirudisha.

Kwa hiyo nakili mafaili yako sehemu mbili tofauti, kwa mfano flashi moja na simu au diski ya nje. Baada ya kunakili, yafungue kwenye kompyuta nyingine uone yanafunguka. Nakala ambayo hujaifungua usiihesabu kuwa nakala. Mkopeshaji akija kukuomba mwenendo wa uzalishaji wa miezi 12, hatokuuliza unatumia mfumo gani. Atakuuliza namba ziko wapi.

Ukishaweka Linux, kazi za ofisi utazifanya kwa LibreOffice, ambayo huja nayo kwenye aina nyingi nilizotaja au inapakuliwa bure. Sehemu yake ya jedwali inaitwa Calc. Inafungua mafaili ya Excel, na ukitaka kumtumia mwenye Excel, hifadhi kwa mfumo wa xlsx. Kwa jedwali la mayai, chakula, madawa na mauzo, huna unachopungukiwa.

Bando nalo ni gharama

Faili la Linux Mint ni karibu GB 3. Kwa mtu mmoja hilo ni bando la kuuma. Ndiyo maana nawaambia fanyeni kikundi. Mmoja apakue, flashi izunguke. Kwenye programu za kulipia huo ungekuwa wizi. Hapa ni halali kabisa, ndivyo Linux ilivyokusudiwa.

Kuna tofauti nyingine ambayo wengi hawaijui. Lubuntu na Xubuntu zinaleta Firefox kwa njia iitwayo snap, na snap inajisasisha yenyewe kimyakimya. Ukiwa umeunganisha simu, utashangaa MB zimekwenda wapi. Ukichagua hizo, fungua kidirisha cha amri uandike sudo snap refresh --hold. Linux Mint haitumii snap, inakuonyesha tu kwamba kuna masasisho yanakusubiri. Lakini kuzuia si kuacha. Jiwekee siku moja kila mwezi ya kusasisha ukiwa na bando zuri au Wi-Fi ya mtu. Usalama wake uko hapo.

Na kwa wenye kutumia Ubuntu na ndugu zake: chukueni matoleo ya muda mrefu, yanayotoka Aprili kila baada ya miaka miwili, kama 24.04. Yale ya katikati yanaisha ndani ya miezi 9, utakuwa unapakua upya kila mara. Linux Mint 22, iliyojengwa juu ya hiyo 24.04, inahudumiwa hadi mwaka 2029.

Usichokipata kwenye Linux

Sitaki mtu aje kuniambia nilimficha. Microsoft Office yenyewe haiwekwi moja kwa moja kwenye Linux. Jedwali la Excel lenye amri nyingi za kujiendesha linaweza kuvurugika kwenye Calc. Programu za uhasibu zilizotengenezwa kwa Windows, na programu za baadhi ya mashine za risiti, zinaweza zisifanye kazi. Kama unazo, muulize aliyekuuzia kabla hujafuta Windows. Printa za HP nyingi zinakubali vizuri; za kampuni nyingine onja kwanza ukiwa kwenye flashi.

Kuhusu virusi: vile vinavyoingia na flashi ya steshenari na kuficha mafolda yako vimeandikwa kwa ajili ya Windows, kwenye Linux havikimbii. Hilo ni faida kubwa. Ila Linux haikukingi na tapeli anayekuomba nywila, wala na mwizi wa laptopu. Nakala zibaki palepale.

Kuongeza kidogo au kununua nyingine?

Kabla ya kununua mashine, angalia vitu viwili vya kuongeza. Cha kwanza ni SSD. Kwenye laptopu nyingi za zamani kinachochelewesha si prosesa, ni ile diski ya kuzunguka. Ukiitoa na kuweka SSD ya inchi 2.5 ya GB 120 au 240, utadhani umebadilisha mashine. Cha pili ni RAM: kutoka GB 2 kwenda 4 unapanda kundi zima. Ila RAM haziingiliani. DDR3 haikai kwenye tundu la DDR4. Nenda na ile ya zamani mkononi.

Nunua nyingine iwapo moja ya haya ni kweli: mashine ni ya biti 32 na unahitaji mtandao kila siku, inazima ovyo hata baada ya kusafishwa, au kazi yako inadai programu ya Windows isiyo na mbadala. Hata hapo, tafuta ya mitumba yenye prosesa ya biti 64, RAM GB 4 au 8 na SSD, halafu uiwekee Mint. Na kama unatumia sola shambani, chukua laptopu badala ya kompyuta ya mezani. Inakula umeme kidogo, na umeme ukikatika betri inakupa muda wa kuhifadhi kazi.

Kazi ya wiki hii

Kila mwenye kompyuta iliyolala, afanye mambo matatu tu. Aandike RAM, prosesa na aina ya diski kwenye karatasi. Anakili kumbukumbu zake sehemu mbili. Halafu kikundi kipakue aina moja inayofaa mashine nyingi, mkae jioni moja muonje kwa zamu, bila kufuta chochote.

Mkikwama, njooni na ile karatasi ya vipimo ofisini siku za kazi, au mnishike nikipita mashambani. Bila vipimo siwezi kukushauri, kama ambavyo siwezi kukwambia mbolea ya kuweka bila kujua udongo wako. Somo lijalo tutatengeneza pamoja jedwali la kuku wa mayai kwenye Calc, kuanzia kifaranga wa siku moja hadi kuku wa kuuzwa kwa nyama. Andaeni namba zenu.